Jikoni, Shamba na Ghala

Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998, saa nane na nusu mchana, Faki aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akaiwasha, akangoja. Kompyuta iliamka. Nyimbo hazikuamka.

Aliizima akaiwasha tena. Nyuma yake Mumbi, mwimbaji, alikuwa amesimama na chupa ya maji ya uvuguvugu mkononi, bado amevaa koti la kazi la kiwanda cha nguo.

"Imelala ama imekufa?" Mumbi aliuliza.

Faki alichukua bisibisi, akafungua sanduku la kompyuta, akachungulia. Mahali palipokuwa na diski tatu, ilibaki moja. Nyaya mbili zilining'inia bila kitu. Misumari ya parafujo ilikuwa imerudishwa kila mmoja mahali pake, imekazwa vizuri.

"Wamechukua Shamba," alisema. "Na Ghala."

Studio ile ilikuwa sebule ya Mwalimu Kagwe, mwalimu mstaafu wa Ngoingwa, Thika. Mwalimu alitoa chumba na umeme. Eddie Mburu, produsa kutoka Ruiru, alileta maikrofoni na jina. Faki, fundi redio aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua na kuzifunga, alileta mikono na utaratibu. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na aliulinda kama mtu anavyolinda mpaka wa shamba la baba yake: kila kitu na diski yake.

Diski ya kwanza aliiita Jikoni. Humo zilikaa programu, yaani sufuria na miiko. Ya pili aliiita Shamba. Humo ndimo walimorekodi kila siku, na kila chombo kilikuwa na tuta lake: gitaa peke yake, ngoma peke yake, sauti ya Mumbi peke yake, ili kimoja kikiharibika kipandwe upya bila kugusa vingine. Ya tatu ilikuwa Ghala, walimoweka nyimbo zilizokamilika. Aliyemwambia kwamba diski moja kubwa ingetosha alijibiwa hivi: "Ukipikia shambani, moto utakula mahindi."

Sasa shamba na ghala vilikuwa vimeng'olewa, na ndani yake nyimbo kumi na moja za Mumbi, kazi ya miezi saba. Faki mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaita polisi.

*

Polisi walifika jioni, wawili. Inspekta Kisilu alikuwa amesomea kompyuta Nairobi kwa wiki tatu na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Koplo Ngendo hakuwa amesomea. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mpole wa sauti, mwenye daftari la kurasa za mistari na tabia ya kuandika hata kile ambacho hakuna aliyemwambia aandike.

Aliandika: trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, upande mmoja mpya. Hakuna dirisha lililovunjwa. Parafujo zimerudishwa. Kompyuta inawaka kwa diski moja. Akatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta apate saa, maana saa yake ya mkononi ilikuwa kwa fundi, akaona 11:05. Aliandika: saa kumi na moja na dakika tano jioni.

Inspekta Kisilu alikaa mbele ya kompyuta, akabofya hapa na pale, akatabasamu.

"Hii programu ya kurekodi huwa inaandika siku na saa kila ikifungwa. Mwizi alidhani amejificha." Akachapisha ukurasa mmoja, akampa Ngendo. Mistari miwili ya mwisho ilisema:

*Ijumaa 16 Oktoba, 10:15 AM.*
*Jumamosi 17 Oktoba, 4:20 AM.*

"Mtu aliifungua saa kumi alfajiri," Inspekta alisema, "akahakikisha ni diski gani ina nini, akaifunga, akazichukua. Mwalimu, usiku nani alikuwa na ufunguo?"

Mwalimu Kagwe alikohoa. "Mimi nilifunga saa tatu usiku nikalala. Na Faki analala chumba cha nyuma. Ana ufunguo."

"Wawili tu?"

"Wawili."

Ngendo alimpeleka Mwalimu barazani. "Mwalimu, nasikia wewe na Faki mlitofautiana."

"Nani amekuambia?" Mzee alikunja miwani yake, akaikunjua. "Sawa. Kuna wimbo mmoja, *Mashine Zimenyamaza*. Unaimba kuhusu wale wanawake walioachishwa kazi kiwandani. Mimi ni mzee wa kanisa, koplo. Wenye kiwanda wanakaa kiti cha mbele. Nilimwomba Faki aufute."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Mwalimu, mimi huweka, sifuti.' Nikanyamaza. Nyumba ni yangu lakini kijana alikuwa na haki."

"Na leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mkutano wa kamati ya kanisa. Saa tatu hadi saa sita. Mimi ndiye katibu, kumbukumbu za mkutano ziko hapa, mwandiko wangu."

Eddie Mburu alifika kutoka Ruiru saa kumi na mbili jioni baada ya kupigiwa simu. Alikuwa na koti la ngozi na masikitiko makubwa.

"Madam, hii imenimaliza," alimwambia Ngendo. "Ile albamu ilikuwa itoke Disemba."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Ruiru, kwa kesha ya maombi. Saa tatu mpaka asubuhi. Uliza watu mia mbili. Hata pastor aliniita mbele nishuhudie."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nilikuja hapa. Saa tatu hivi, mpaka saa tano. Hizo trei za mayai unaona upande huo, nilizileta kwenye mkoba, ni mimi nilibandika."

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu. Mwalimu alikuwa ananipisha mlangoni akienda kanisani kwao, na Faki alikuwa ameshatoka. Peke yangu, madam. Hata chai nilijichemshia."

"Kompyuta uliigusa?"

"Ilikuwa imefunikwa. Mimi na ile mashine ya Faki hatuna salamu." Akashusha sauti. "Sitaki kumsema mtu, lakini huyo kijana huwa anajifanya hizo nyimbo ni zake. Mimi kama produsa, ningemwangalia huyo."

Ngendo aliandika yote, pamoja na chai.

*

Faki alilala kituoni. Saa mbili usiku Inspekta Kisilu alimkalisha kwenye stuli, akasimama juu yake.

"Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nimelala."

"Kompyuta ilikuwa inatumika na nani?"

"Sijui, afande. Saa kumi alfajiri mimi huwa nimelala."

"Na asubuhi ukakimbia."

"Sikukimbia. Nilitoka saa moja kwenda Gatuanyaga, binamu yangu Tahir alikuwa anaoa. Mimi ndiye nilifunga vipaza sauti. Nilirudi saa nane."

"Na mkoba wa diski ukauacha Gatuanyaga."

"Nilibeba nyaya."

"Sikiza, kijana. Ukisema diski ziko wapi, hii inakuwa kesi ndogo. Unaandika hapa, unaweka sahihi, Jumatatu hakimu anakuonea huruma."

Faki alikuwa mwembamba na sauti yake haikuwa kubwa, lakini aliinua uso. "Siwezi kukiri kitu ambacho mikono yangu haikijui. Andika unachotaka. Sahihi yangu hutaipata."

"Jumatatu utaenda kortini hata bila sahihi."

"Nitaenda nikisema hivi hivi."

Inspekta alimgeukia Ngendo. "Koplo, andika: mshukiwa ameshindwa kujieleza."

Ngendo alitazama kalamu yake. "Amejieleza, afande. Amesema alikuwa amelala."

"Nimesema andika."

"Nitaandika alichosema," Ngendo alisema kwa upole ule ule, akaandika alichosema. Inspekta alitoka akibamiza mlango.

*

Jumapili saa mbili asubuhi Mumbi alikuwa kwenye kaunta ya kituo. Hakukaa.

"Mmemshika mtu asiyefaa."

"Watu wengi huniambia hivyo hapo uliposimama," Ngendo alisema. "Kaa, dada. Nieleze kwa utaratibu. Mara ya mwisho kurekodi ilikuwa lini?"

"Ijumaa. Nilitoka kazini saa nane, nikaenda mbio. Tukaanza saa nane na nusu, tukamaliza saa kumi na robo. Faki akafunga mashine, akaifunika, akanisindikiza barabarani."

"Asubuhi ya Ijumaa hamkurekodi?"

"Asubuhi niko kiwandani. Wamebaki wachache, ukikosa dakika tano unaambiwa na wewe uende nyumbani. Asubuhi nitarekodi na roho?"

Ngendo alifungua daftari, akatoa ule ukurasa uliochapishwa, akauweka juu ya kaunta. Ijumaa 10:15 AM. Kwa hesabu ya Inspekta, hiyo ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Mumbi akiwa kiwandani mbele ya cherehani na msimamizi akimhesabu. Lakini Mumbi alisema walifunga saa kumi na robo.

Kumi na robo. 10:15.

Ngendo alichukua funguo za seli, akaenda na ukurasa mkononi.

"Faki. Jana tulikuuliza kuhusu saa kumi alfajiri. Kuna mtu alikuonyesha karatasi hii?"

"Hapana, afande."

"Soma mstari wa mwisho."

Faki aliusogeza kwenye mwanga. "Saa nne na dakika ishirini," alisoma. "Jumamosi asubuhi." Akainua macho. "Lakini afande, nyinyi mliniuliza saa kumi."

"Imeandikwa nne. Kwa nini uliisoma saa nne?"

"Kwa sababu ni saa nne. Niliiseti mwenyewe ile saa." Aliona uso wa koplo, akaeleza polepole. "Daftari langu la kurekodi naliandika saa ninavyozisema. Saa mbili ni mbili. Mashine ilikuwa inasema nane. Kila siku nilikuwa natafuta rekodi ya saa mbili kwenye nane, ya saa tisa kwenye tatu. Nikachoka. Nikairudisha nyuma masaa sita. Tangu Machi iko hivyo, na hakuna mtu amewahi kuuliza."

Ngendo alifunua kurasa za daftari lake hadi Jumamosi jioni. *Saa kumi na moja na dakika tano.* Aliipata wapi? Pembeni mwa kioo: 11:05. Nje jua lilikuwa linaelekea kuzama, kioo kikasema kumi na moja, naye akaandika kumi na moja. Macho yake yalikuwa yamekubaliana na mashine bila kumshauri.

"Jumamosi saa nne asubuhi ulikuwa Gatuanyaga?"

"Nimeshika maikrofoni ya imamu. Uliza mtu yeyote."

"Nitauliza," Ngendo alisema. Hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu lilimpendeza. Alipiga simu kwenye duka la pale Gatuanyaga, akaongea na imamu, na mwenye duka, na mama mmoja aliyelalamika kwamba vipaza sauti vilikuwa na kelele mno. Wote walisema Faki alikuwepo tangu saa mbili hadi saa saba.

Kisha akaenda kwa Inspekta Kisilu na kumwekea mezani karatasi, daftari, na ombi la hati ya kupekua nyumba moja Ruiru. Inspekta alisoma mara mbili. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Ukikosea, koplo, mimi sikuwepo."

"Nikikosea nitaandika kwamba nilikosea."

Inspekta alitia sahihi.

*

Saa nane mchana, watu walipotoka kanisani na kula, Ngendo aliwakusanya sebuleni kwa Mwalimu Kagwe. Faki aliketi karibu na mlango akiwa na pingu, Inspekta kando yake. Mumbi alikataa kiti. Eddie alikaa kwenye sofa, mguu juu ya mguu.

"Kuna kitu kimoja nataka kusaidiwa," Ngendo alisema. "Aliyechukua diski alichukua mbili. Mwalimu, ungetaka kufuta wimbo mmoja, ungechukua mbili?"

"Singejua hata kulifungua hilo sanduku," Mwalimu alisema.

"Na Faki, ambaye analala na ufunguo, hakuwa na haja ya kuiba kitu alichokuwa anakilinda. Angetaka nyimbo, angezisikiliza hapa kila siku. Mtu aliyezihitaji ni yule asiyekaa nazo."

"Madam, tuongee ukweli," Eddie alisema. "Kompyuta imesema saa kumi usiku. Kompyuta haina undugu na mtu."

"Kweli. Hebu Mwalimu, saa yako inasemaje?"

Mwalimu alitazama mkono. "Saa nane na dakika kumi na mbili."

"Eddie, sogea usome ile ya kompyuta."

Eddie aliinama. "Nane, kumi na mbili. Si ni sawa?"

"Soma na zile herufi mbili zinazofuata."

Eddie alirudi kwenye sofa, mguu juu ya mguu. Mumbi alisogea akasoma badala yake. "AM."

"Saa hii ya mchana," Ngendo alisema, "mashine inadhani bado ni asubuhi. Inahesabu kama bibi yangu alivyokuwa akihesabu. Sisi sote tuliitazama tangu jana na hakuna aliyeshtuka, maana ilisema tulichozoea kusikia. Ile 4:20 tuliyoitafsiri ikawa saa kumi alfajiri haikuhitaji kutafsiriwa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi." Akafunua daftari. "Na hapa kuna mtu aliyeniambia, bila kulazimishwa, kwamba saa tatu hadi saa tano alikuwa ndani ya chumba hiki peke yake. Hata chai alijichemshia."

Eddie alishusha mguu.

"Nilikuwa nabandika trei."

"Ulibandika. Ulikuja na mkoba wa trei ukaondoka na mkoba. Trei zilibaki ukutani. Mkoba ulibeba nini?"

"Hiyo ni kubahatisha tu. Koplo, wewe hujui mambo ya kompyuta."

"Sijui," Ngendo alikubali. "Ndiyo maana nilisubiri."

Gari lilisimama nje. Konstebo Mbaluka aliingia na kikapu, akakiweka mezani, akatoa diski mbili zilizofungwa kwa gazeti. "Zilikuwa ndani ya kompyuta yake, Ruiru," alisema. "Vibandiko vimebanduliwa."

Faki alinyoosha mikono yenye pingu, akageuza diski. Pembeni mwa kila moja kulikuwa na mikwaruzo ya msumari. "SHAMBA," alisoma kwa kidole. "GHALA. Karatasi hubanduka, afande. Mimi hukwaruza pia."

Inspekta Kisilu alifungua pingu za Faki, akavuka chumba, akazifunga kwenye mikono ya Eddie.

"Ulipoona tumesoma saa kumi ulijua tumekosea," Ngendo alimwambia Eddie.

"Nilijua nilifunga programu saa nne." Eddie alicheka kidogo, bila furaha. "Nikasikia mnasema alfajiri. Nikasema basi, hata Mungu amechoka na Faki. Ningefanya nini, niwasahihishe?"

"Kwa nini, Eddie?" Mwalimu aliuliza. "Si zingetoka tu, na jina lako juu?"

"Jina langu juu wapi?" Sauti yake ilipanda. "Mtaani wanasema nyimbo za Mumbi. Mafundi wanasema mashine ya Faki. Maikrofoni nililipia mimi. Nina msichana Ruiru, ako na sauti safi, hana midomo kama huyu. Nilitaka tu gitaa na ngoma. Ghala haiwezi kukupa hizo, humo kila kitu kimeshachanganywa. Ni Shamba tu. Kila kitu na tuta lake. Unatoa sauti moja, unaweka nyingine."

"Kwa hivyo ulitaka Shamba," Ngendo alisema. "Ghala ulichukua ya nini?"

"Ili asibaki na kitu cha kuonyesha watu."

Faki alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya sanduku la kompyuta. Aliizima, akachomeka nyaya, akaiwasha, akafungua *Mashine Zimenyamaza*. Gitaa lilianza. Ngoma zikafuata. Mahali sauti ilipopaswa kuingia palikuwa patupu. Alifungua wimbo mwingine, na mwingine. Akafungua Ghala, hakukuwa na kitu.

"Ameng'oa," Faki alisema polepole. "Tuta lote. Zote kumi na moja."

Mwalimu Kagwe alishika kichwa. Inspekta aliangalia viatu vyake. Eddie, pingu mikononi, aliinua mabega. "Haya. Sasa mwambieni hakimu nyimbo ni za nani. Mimi nina gitaa. Yeye ana nini?"

Mumbi aliweka chupa yake ya maji chini. Alivua koti la kiwanda, akalitundika kwenye msumari, akavuta maikrofoni mpaka ikawa sawa na mdomo wake.

"Mimi ndiye niliyezitunga," alimwambia Eddie. "Uliiba mahali nilipoziweka. Mahali zilipotoka hukufika." Akageuka. "Faki, lima tuta jipya."

"Ya kwanza?"

"Ile Mwalimu anaogopa."

Mwalimu alisita, kisha akaenda akafunga dirisha ili kelele za nje zisiingie. Faki aliinua kidole. Gitaa likaanza, na safari hii sauti iliingia mahali pake, ikiwa na mkwaruzo wa vumbi la pamba:

*Mkizima mashine, mmezima mashine,*
*mimi hamjanizima.*
*Mkifunga geti, mmefunga geti,*
*mdomo hauna kufuli.*

Inspekta Kisilu alimshika Eddie mkono, akamnong'oneza Ngendo, "Koplo, gari linangoja. Tumpeleke."

Ngendo alifunga daftari lake, akaegemea ukuta wa trei za mayai.

"Angoje, afande," alisema. "Wimbo haujaisha."